Mafuta ya Bajia kwenye Karatasi za Rais

Nilipokuwa mdogo kwetu Dodoma, karatasi haikutupwa. Iliyoandikwa upande mmoja iliandikwa na wa pili, iliyojaa pande zote ilifunikiwa sufuria, na iliyozeeka iliuzwa kwa kilo kwa wauza karanga. Nimesoma mengi kwa njia hiyo. Nimewahi kusoma nusu ya hukumu ya kesi ya ng'ombe huku nikilamba chumvi vidoleni, na hadi leo sijui nani aliondoka na ng'ombe. Nimesoma mtihani wa jiografia wa mtoto nisiyemjua (alifeli, maskini), na barua ya ofisi ya serikali yenye muhuri kabisa. Hakuna aliyeshangaa. Karatasi ikimaliza kazi yake ofisini, ilipewa kazi nyingine mtaani.

Nayasema haya mapema ili mtu asije akamcheka somo wangu kabla hajanisikiliza.

Nina miaka kadhaa sasa hapa Doha, katika hoteli moja kubwa, na cheo changu ni msimamizi wa huduma upande wa kumbi za mikutano. Maana yake ni kwamba viti vikipungua nalaumiwa mimi, na vikitosha hasifiwi mtu. Somo ni mmoja wa wahudumu wangu. Ni Mzanzibari, mwanamke wa makamo, mpole wa sauti na mbishi wa moyo. Jina letu ni moja, ndiyo maana tunaitana somo, na tangu siku ya kwanza tumekuwa kama watoto wa tumbo moja: tunanuniana asubuhi, tunachangia chakula mchana.

Kabla ya kuja hotelini, somo alifanya kazi za ndani katika nyumba moja huko Al Rayyan. Hakupigwa, na mshahara wake aliupata. Ila hakuwa na siku yake. Alikuwa akiamka na watoto wasio wake na kulala baada ya wageni wasio wake, na aliniambia kwamba kitu alichokitamani kuliko nyama ni kukaa kitako mahali ambapo hakuna mtu anayeweza kumwita. Mimi ndiye niliyempigia debe kwa meneja. Alipoanza kupata siku ya mapumziko aliitumia kupika, nikamuuliza kama ana akili timamu. Akasema kupika kwa hiari ni kitu kingine kabisa.

Wakati wa mambo ninayoyasimulia, somo alikuwa bado kwenye miezi ya majaribio. Meneja wetu, Mlebanoni mwenye haraka na sauti kubwa, angeweza kumwondoa kwa neno moja. Na mlango pekee uliokuwa wazi kwake ulikuwa wa ile nyumba, ambako mama mwenye nyumba hakuacha kumpigia simu kumuuliza anarudi lini. Kila simu ile ilipolia, somo aliitazama kama mtu anayetazama mbwa asiyefungwa.

Basi ukaja ule mkutano. Mjumbe wa rais wa Marekani alikuja kupatanisha pande mbili za nchi moja ya Afrika zilizokuwa vitani. Nchi yenyewe sitaitaja. Wana shida za kutosha bila mimi. Wenyeji wetu wa Qatar walitoa kumbi, magari na uvumilivu. Watu wa serikali tuliwaweka ukumbi wa upande huu, wapinzani wao ukumbi wa upande ule, na Wamarekani katikati, maana wale wawili walikuwa hawataki hata kuonana usoni. Mjumbe alitembea kutoka mlango mmoja hadi mwingine akiwa na karatasi mkononi, mchana kutwa. Hata kahawa tuliagizwa tuingize pande zote kwa wakati mmoja, kwa birika zinazofanana, asije mtu akasema wenzake wametangulizwa.

Asubuhi ya kwanza, kabla ya yote, bwana mmoja wa ule msafara wa Kimarekani alitujia jikoni. Mrefu, mnene kidogo, miwani inamshuka puani kila saa. Kazi yake, alisema, ni kutunza kumbukumbu. Kila karatasi iliyoandikwa na watu wa rais katika mkutano ule ilikuwa sehemu ya kumbukumbu za urais, hata kama ni kijikaratasi cha kufutia mdomo mtu alichochorea mshale. Haikuruhusiwa kutupwa.

"Karatasi hizi si zangu, wala si za mjumbe, wala si za rais mwenyewe," alisema. "Ni za wananchi. Zitahifadhiwa, na siku ikifika yeyote atakayetaka atazisoma. Nawaombeni, msitupe karatasi yoyote."

Nikatafsiri kwa Kiswahili kwa wale ambao Kiingereza chao ni cha "good morning madam". Msitupe karatasi. Wote wakaitikia. Somo akaitikia kuliko wote.

Yule bwana tulizoeana, kwa sababu wote wawili kazi yetu ilikuwa kuokota vitu nyuma ya wakubwa. Siku moja akisubiri kikao kiishe alinionyesha kwenye simu yake kumbukumbu za rais mmoja wa zamani ambazo zimeshafunguliwa kwa umma: mazungumzo yake na mkuu mmoja wa nchi ya Afrika, neno kwa neno. Nilisogeza kiti, nikitegemea siri nzito. Nikakuta salamu. Mke hajambo? Safari ilikuwaje? Mvua huko kwenu vipi? Kurasa za mwanzo zote ni hali, afya na watoto, na mtu kaandika hata mahali walipocheka. Nikamwambia kumbe marais wao wanaongea kama watu wa Dodoma. Ukurasa mmoja ulikuwa na duara la kahawa, mtu alipoweka kikombe miaka hiyo. Nikamuuliza kwa nini hawakuupiga picha nyingine safi. Akanijibu kwamba duara nalo lilikuwepo.

Mambo yaliharibika mchana mmoja, saa ambayo kumbi zote zilifungwa kwa ajili ya sala na chakula. Nilikuwa nahesabu vijiko. Yule bwana wa kumbukumbu akaingia, na safari hii miwani ilimshuka asiipandishe. Karatasi moja kubwa haionekani, ile ya kubandika ubaoni. Ilikuwa na pendekezo la Wamarekani kuhusu miji ipi ianze kusimamisha mapigano, nalo lilikuwa halijaonyeshwa upande wowote. Aliniambia kwa sauti ya chini, lakini meneja alikuwa nyuma yake, na meneja wetu sauti ya chini hana. Alipaza sauti kwenye korido nzima kwamba karatasi ya Wamarekani imeibwa. Mlango wa ukumbi wa serikali ukafunguliwa kidogo, ukafungwa. Muda si mrefu habari zikatufikia kwamba watu wa serikali wanafunga mabegi: wamesikia karatasi imeuzwa kwa wapinzani wao, na wanataka gari la uwanja wa ndege.

Nilikuwa natoka mbio kwenda kumtafuta somo, maana ndiye aliyehudumu ukumbi wa Wamarekani, ndipo nikakutana na mlinzi wa mlango wa nyuma, Mkenya mmoja mcheshi ambaye hata moto ukiwaka ataanza na utani.

"Madam, watu wa mkutano si wamekosana? Mbona kuna wawili huku nyuma wanamanga pamoja fiti kabisa? Meza yenyewe ni karatasi kuubwa."

Kumanga, kwa Kiswahili cha Nairobi, ni kula. Nikaingia kile chumba kidogo tunachowekea vyombo, nyuma ya jiko la kahawa. Somo alikuwa amesimama na birika la chai. Juu ya meza ilitandazwa ile karatasi, maandishi chini, upande mweupe juu, na juu yake yalikuwa yamebaki makombo ya bajia za kunde na chatini ya nazi. Wale waliokuwa wakila niliwatambua wote wawili. Mmoja alikuwa mama wa makamo, karani wa upande wa serikali. Mwingine alikuwa bwana mmoja mwenye upara, mlinzi wa kiongozi wa upande wa pili. Walikuwa na mafuta mpaka vifundo vya mikono.

"Somo, umeniua!" nilipiga kelele. "Umejiua na wewe! Hiyo karatasi inatafutwa hoteli nzima!"

"Inatafutwa na nani? Mie nimeiokota imeanguka nyuma ya toroli. Nikaikunja vizuri, nikaiweka. Si mmesema tusitupe?"

"Tumesema msitupe!"

"Haya, nimetupa? Sijatupa mie. Nimetandikia badia zisiloweshe meza."

Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga, na katikati ya hayo kicheko kilinipanda nikakimeza. Kwa sababu nilimwelewa. Kila mtu aliyekulia nilikokulia mimi angemwelewa. Karatasi safi ya namna ile, nene, inayonyonya mafuta, ukiambiwa usiitupe unaitumia.

Alikuwa amezileta bajia, au badia kama wanavyoziita kwao Zanzibar, kutoka nyumbani kwa ajili yetu wafanyakazi. Hilo nalo lilikuwa kosa, chakula cha nje hakiingii upande wa wageni. Yule mama karani alipita koridoni akasikia harufu, akasimama mlangoni akauliza kwa Kiingereza ni kitu gani. Somo hana Kiingereza cha kujibu swali hilo, akamkabidhi moja. Kwao wanazo, kwa jina jingine, na mama wa watu alipoionja alikaa chini bila kuambiwa. Baadaye kidogo akaja yule mlinzi, akitafuta maji ya moto ya bosi wake. Somo hakujua nani ni wa upande gani. Kwake wote walikuwa wageni waliochoka, akavuta kiti cha pili.

Sasa nitasema nilichokifikiria, maana nilikifikiria kwa akili zangu zote. Nyuma ya jiko letu kuna mashine ya kusaga takataka. Dakika moja tu, na karatasi isingekuwepo tena. Wamarekani wangedhani imepotea, somo angebaki kazini. Niliikamata pembeni nikaanza kuikunja.

Somo akaishika upande wa pili.

"Usiitupe," akasema. "Wamesema isitupwe."

"Somo, watakufukuza. Utarudi kule."

"Najua." Hakuiachia karatasi. "Lakini hawa wawili je? Ikipotea, watasema nani kaiuza?"

Nikawatazama. Walikuwa wameshasimama, na ulikuwa umewaingia ule woga wa watu waliokamatwa. Walikuwa wamekatazwa kusalimiana, sembuse kula. Wakaongea kwa lugha yao, maneno machache, sikuyaelewa. Kisha yule mama akafuta mikono kwenye gauni lake na kuniambia kwa Kiingereza: "Tunakuja na nyinyi."

Tuliibeba ile karatasi wanne, kila mtu na pembe yake, kama tunavyotandika kitambaa kwenye meza ndefu. Yule bwana wa kumbukumbu aliipandisha miwani, akaiinamia. Maandishi yote yalisomeka, ila mafuta yalikuwa yametoboa kutoka mgongoni, madoa ya duara makubwa na madogo, na kwenye jina la mji mmoja kulikuwa na chembe ya nazi. Meneja alianza kumfokea somo kwa Kiarabu na Kiingereza kwa pamoja. "Khalas," alisema, "khalas, basi, leo leo anaondoka." Somo hakungoja. Alikuwa ameshaanza kuvua kile kibati cha jina kifuani. Nililaani karanga zote nilizokula utotoni.

"Ngojeni kwanza," alisema yule bwana. "Lazima niandike imefikaje hivi. Na lazima niandike ukweli."

Mjumbe wa rais aliwaita wakuu wa pande zote mbili. Alisema kila upande una haki ya kuiona karatasi na kusikia maelezo, na kwa kuwa karatasi ni moja, chumba kitakuwa kimoja. Wakaja. Mkuu wa serikali alisimama karibu na mlango akiwa tayari amevaa koti la safari. Wa upande wa pili alisimama dirishani. Walitazama karatasi, hawakutazamana.

Yule mama karani akaeleza. Yule mlinzi akaeleza. Maelezo yakafanana: njaa, harufu, bajia, chai, hakuna aliyegeuza karatasi, hakuna aliyesoma. Mkuu wa serikali aliuliza swali moja tu, tena kwa ukali, kwamba karani wake aliwezaje kukaa na mtu kama yule. Mama wa watu akainamisha kichwa. Nilimwonea huruma hadi nikasahau kumwonea huruma somo.

Ndipo yakaanza mazungumzo ya yale maelezo mafupi ya kuambatanishwa na karatasi. Mjumbe alitaka pande zote mbili ziyakubali, asije mmoja akayakana kesho. Wakubaliane nini? Kwamba mafuta ni ya chakula: sawa. Kwamba hakuna siri iliyotoka: baada ya mabishano, sawa. Yule bwana akasoma alichoandika: kwamba wafanyakazi wa pande zote mbili walikula pamoja juu ya karatasi hii bila kujua ni nini.

"Si pamoja," alisema mkuu wa serikali. "Andika kwa wakati mmoja."

"Mahali pamoja," alisema wa dirishani. "Lakini si pamoja."

Wakashikana hapo. Jamani, watu wazima, vita vinaendelea kwao, na wamekwama kwenye bajia. Hasira zilinipanda mpaka nikaogopa mdomo wangu. Mjumbe alipendekeza neno, likakataliwa. Akapendekeza jingine, likakataliwa na yule aliyelitaka mwanzo. Meneja alikuwa akiangalia saa.

Aliyeumaliza ule ubishi ni yule mama karani. Aliinua kichwa, na hakuongea kwa sauti ya karani.

"Ya mwisho ilikuwa yake," akasema. "Akaimega, akanipa nusu. Andikeni pamoja."

Yule mlinzi mwenye upara alikuwa akitazama viatu vyake, amejaa haya kama aliyesifiwa mbele ya wakwe. Mkuu wake alimgeukia. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu waingie hotelini kwetu, wale wakuu wawili walitazamana, nadhani kila mmoja kutaka kujua mwenzake atasema nini. Yule bwana akaandika pamoja, akasukuma kalamu katikati ya meza, na wote wawili wakaweka sahihi.

Lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana chini ya paa letu. Mazungumzo yenyewe hayakuisha siku ile, wala wiki ile, na sitatia chumvi kwamba bajia zilileta amani. Lakini nilishuhudia sahihi mbili kwenye ukurasa mmoja, na ukurasa ule umekwenda kukaa kwenye kumbukumbu za rais, ambako siku moja mtu atauomba na ataletewa.

Wakati ule, lakini, sikuwa nawaza kumbukumbu. Nilikuwa namtazama meneja, ambaye alikuwa amemshika somo kiwiko, taratibu, kumwongoza nje. Kibati cha jina kilikuwa kiganjani mwa somo. Walikuwa wamefika mlangoni pale mkuu wa serikali, mwenye koti la safari, alipouliza nani aliyepika.

Meneja akaanza kuomba radhi, kwamba ni mtumishi mpya, kwamba suala lake limeshashughulikiwa. Yule mzee hakumsikiliza. Alikuwa ameinamia karatasi, na nina hakika alikuwa akinusa.

"Mama yangu alikuwa akizipika," alisema. Akamtazama somo. "Kesho utapika tena?"

Niliitafsiri ile sentensi kwa Kiswahili, na neno kesho nikalirudia mara mbili. Mtu aliyekuwa anaagiza gari la uwanja wa ndege alikuwa anauliza habari za kesho. Wa dirishani naye aligeuka, akasema kwamba kama zitakuwepo, upande wao pia wangependa, na idadi iwe sawa.

Somo alimtazama meneja, akasubiri. Meneja alimtazama mjumbe, akawatazama wale wakuu, akamtazama somo, na nilimwona kabisa akipiga mahesabu yake. Kisha akakiachia kile kiwiko.

"Kesho," akasema. "Inshallah, kesho. Lakini upike jikoni kwetu, na utumie sahani!"

Nililia mbele ya wakubwa wale wote na sikuona haya. Somo hakulia. Alikirudisha kibati kifuani, kikakaa upande, akainama kukusanya vikombe.

Jioni, kwenye basi la kampuni, simu yake ililia. Ilikuwa ni ile nyumba ya Al Rayyan. Akaipokea, akasalimia kwa adabu, akasema kwa Kiarabu chake kidogo kwamba hatarudi, ana kazi, na kesho anatakiwa mapema. Akakata, akaniuliza kunde tununue kilo ngapi.